Bagamoyo au Tanga: tuwapeleke wapi watoto wadogo wakaone mambo ya kale?

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi huulizana swali lilelile. Tuna watoto wa miaka minne mpaka kumi, tunataka wakaone historia ya nchi yao, si bembea na kuogelea peke yake. Twende Bagamoyo au tufike Tanga? Wengi hujibu kwa mapenzi ya kwao. Mtu wa Tanga atakutajia mapango ya Amboni, wa Bagamoyo atakutajia magofu ya Kaole, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Mimi nimekulia Tanga, ndoa ikanileta Bagamoyo, na nimezunguka pande zote mbili na watoto, wangu na wa ndugu zangu.

Niseme mapema ninakoegemea. Ikiwa mtoto wako mdogo kuliko wote hajafika miaka saba, nenda Bagamoyo. Ikiwa wote wamevuka hapo na mna nafasi ya kulala usiku mbili, nendeni Tanga, tena msisite. Sababu zangu ni hizi, na nitaonyesha pia pale ambapo uamuzi huo unaweza kugeuka.

Njia kwanza, maana mtoto huanza kuchoka garini

Dar es Salaam mpaka Bagamoyo ni kama kilomita 70, lami tupu. Ukitoka alfajiri kabla magari hayajashikamana Tegeta na Bunju, saa tatu asubuhi mmekwisha kunywa chai na miguu bado ina nguvu. Wasio na gari hupanda basi stendi ya Makumbusho pale Dar es Salaam, wakashuka stendi ya Bagamoyo na kumalizia kwa bajaji. Mtoto anakwenda, anaona, anarudi, na usiku analala kitandani kwake.

Tanga ni kilomita 350 hivi kwa njia ya Chalinze, Segera na Muheza. Kwa basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, weka saa sita kichwani, na zaidi kama kuna ukarabati wa barabara. Sisi wa Tanga tunajisifu kwa msemo wa waja leo waondoka leo, lakini ukiwa na mtoto wa miaka mitano usijaribu kuufuata. Kwenda na kurudi siku moja ni kumpakia mtoto kwenye kiti kutwa nzima ili aone pango kwa saa moja.

Kama kuna anayetapika garini, mkalishe mbele, mpe kipande cha tangawizi au ndimu, na usimjaze uji kabla ya safari. Beba kopo lenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na huwezi kuitegemea tena kwa kazi hiyo. Ukipanda basi, mwambie kondakta mapema, kabla ya Chalinze, kwamba una watoto. Wengi ni waungwana na watasimama mtoto akachimbe dawa. Ukikaa kimya mpaka mtoto ameanza kulia, mtateseka ninyi na abiria wenzenu.

Kwa njia, basi, Bagamoyo inashinda waziwazi.

Kaole na Tongoni: magofu kwa magofu

Hapa ndipo ulinganisho una haki, kwa sababu vitu vyenyewe ni ndugu. Kaole iko kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Tongoni iko kama kilomita 17 kusini mwa Tanga, njia ya Pangani. Kote kuwili utakuta msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo ambayo Waswahili wa zamani waliwajengea wakubwa wao. Kaole kuna mabaki ya misikiti miwili, na mkongwe kati yake huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Tongoni kuna makaburi zaidi ya 40, na husemwa kwamba hakuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo makaburi ya nguzo yamekusanyika mengi kiasi hicho.

Mtu mzima akisoma mistari hiyo ataona Tongoni imezidi. Mtoto haoni hivyo. Mtoto hahesabu makaburi. Anatafuta cha kufanya. Na Kaole ana mengi ya kufanya.

Kuna mbuyu mkubwa, wenye umri wa mamia ya miaka, na wenyeji husimulia kwamba anayeuzunguka huongeza maisha yake. Mtoto akishaambiwa hilo hakusubiri tena. Anauzunguka huku akihesabu, na wadogo wanamfuata. Kuna kisima cha kale ambacho watu wengi huamini maji yake yana baraka. Shika mkono wa mtoto unapokikaribia, kisha mruhusu achungulie. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho yenye vigae na vyombo vya Kichina vilivyopatikana palepale. Hapo nakushauri mchezo mmoja: onyesheni bakuli ndani ya makumbusho kwanza, halafu tokeni nje mkatafute kwenye nguzo za makaburi vile vishimo vya duara ambamo bakuli kama hizo zilikuwa zimepachikwa kuwa mapambo. Mtoto wa miaka sita akikiona kishimo chake cha kwanza anaelewa kitu ambacho maelezo ya dakika ishirini hayangempa: kwamba watu wa hapa walikuwa na vyombo kutoka China, vilivyosafiri kwa jahazi, karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika.

Kisha litakuja swali ambalo karibu kila mtoto huliuliza Kaole: kama ulikuwa mji wa bandari, bahari iko wapi? Ukitazama mbele unaona mikoko. Mweleze kwamba tope lilijaa kidogo kidogo, mikoko ikaota juu yake na kulishikilia, vyombo vikashindwa kufika, na shughuli zikahamia kaskazini ulipo mji wa Bagamoyo wa sasa. Mji unaweza kufa bila vita, kwa tope tu. Hilo mwanangu mmoja alilibeba mpaka shuleni akamsimulia mwalimu wake.

Tongoni ni pa namna nyingine. Nguzo nyingi zimeanguka na vipande vyake vimelala kwenye majani, upepo wa bahari unavuma, kijiji cha wavuvi kiko jirani, na kelele ni chache. Mimi binafsi, nikiwa peke yangu au na mama yangu, napapenda kuliko Kaole, panakugusa zaidi. Lakini kwa mtoto mdogo kivuli ni haba, mawe yaliyolala ni ya kujikwaa, na baada ya nusu saa anaanza kuuliza tunaondoka lini.

Kinachoiokoa Tongoni ni hadithi, na ukiijua uende nayo. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipita pwani hii zikielekea Mombasa, na moja yake, São Rafael, ikakwama kwenye mwamba karibu na hapa, sehemu iliyokuwa ikiitwa Mtangata. Wakiwa wamekwama, wenyeji waliwafuata kwa mitumbwi, mmoja ukiwa umejaa machungwa, na Mreno aliyekuwa akiandika habari za safari ile akakiri kuwa yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Meli ilinasuka. Lakini waliporudi kutoka India, Januari 1499, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, wakaichoma São Rafael kwenye maji hayahaya. Nunua machungwa Muheza mnapopita, uyafiche, kisha uyatoe Tongoni ukiwa umefika kwenye sehemu ya mitumbwi. Watoto watakula historia, na mtakuwa mmepumzika. Mkusanye maganda yote mwondoke nayo.

Adabu ni ileile mahali pote pawili, na ningependa wazazi tuisisitize zaidi kuliko tunavyofanya. Haya ni makaburi ya watu. Kaole kuna kaburi la Sharifa, ambalo mpaka leo watu huliendea kwa dua. Mtoto asikalie kaburi, asipande ukuta, asing'oe kijiwe cha kumbukumbu. Chokaa ya miaka mia sita au saba ikisuguliwa na viatu vya watoto wa shule moja hubaki vumbi. Mfundishe pia kumwamkia mwongozaji kabla ya kuanza maswali. "Shikamoo babu" moja itawafungulia hadithi ambazo hazisomwi kwenye kibao chochote, na mzee wa watu atawaita wajukuu zake mpaka mnaondoka.

Kwa magofu, mshindi kwa watoto ni Kaole. Tongoni iwekeni kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa na kuendelea, au yeyote anayependa kusimuliwa.

Amboni, ambako Tanga inalipa deni lote la safari

Bagamoyo haina kitu cha kuwekwa kando ya Amboni. Mapango yako kama kilomita nane kaskazini ya mji wa Tanga, upande wa Kiomoni, ukifuata barabara ya Horohoro. Yako kumi, moja ndilo linaloingiwa na wageni pamoja na mwongozaji. Waingereza waliyatangaza kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1922.

Mawe yake ni ya chokaa, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 150, tangu zama ambazo ardhi hii ilikuwa chini ya bahari. Namba hiyo haina maana kwa mtoto, kwa hiyo achana nayo. Mwambie hivi: maji ya mvua yanaposhuka kwenye udongo huwa makali kidogo, yanalilamba jiwe la chokaa tone kwa tone mpaka pakawa chumba. Halafu mwonyeshe tone likining'inia darini, na jiwe lililoota chini yake. Mwambie hilo jiwe linakua mpaka leo, polepole mno, na ndiyo sababu haturuhusiwi kulishika ovyo.

Ndani, waongozaji humulika kuta na kuonyesha maumbo: mamba, tembo, kichwa cha simba, mlima Kilimanjaro. Watoto huyaona haraka kuliko sisi, na huongeza ya kwao. Kuna popo. Kuna vijia vyembamba ambapo mtu mzima anainama mpaka magoti yanauma na mtoto anapita akiwa amesimama, na furaha ya mtoto kumtangulia baba yake mahali ambapo baba anahangaika sijaiona ikilingana na kitu kingine katika safari hizi. Kuna sehemu ya mzimu ambako watu huacha vitu vya nadhiri. Mtoto atauliza. Jibu kwa heshima, kwamba hapa ni mahali pa ibada kwa wengine, na tusivicheke wala kuvigusa.

Na kuna masimulizi mawili ambayo ni vizuri kuyafikisha kwa watoto jinsi yalivyo. La kwanza ni kwamba njia za chini kwa chini zinafika Mombasa, na nyingine Kilimanjaro. Sisi tuliokulia Tanga tumelala na habari hiyo. Mwaka 1994 wataalamu waliyapima, wakakuta refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Simulia yote mawili, hadithi na kipimo, umwache mtoto mkubwa aamue kwa nini watu waliamini vile. La pili ni la Osale Otango, aliyejificha humu miaka ya 1950 akiwakimbia askari wa mkoloni. Wako wanaomtaja kuwa jambazi, wako wanaomtaja kuwa mpigania uhuru aliyewanyang'anya walowezi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kubeba mzozo huo.

Sasa upande wa pili. Pango ni giza la kweli, harufu ya popo ni kali, sakafu huteleza, na hakuna namna ya kukatisha njia ukiwa katikati na mtoto ameanza kupiga kelele. Nimeona watoto wa miaka minne wakigoma mlangoni na sikuwalaumu. Kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko hakufai, kwa sababu dari hushuka ghafla na ni kichwa chake kitakachogonga. Ukiwa na mtoto mchanga au mwenye woga wa giza, gawanyeni: mzazi mmoja aingie na wakubwa, mwingine abaki nje penye miti na mdogo, kisha mbadilishane. Wiki moja kabla ya safari zima taa usiku, mpe mtoto tochi, mcheze kutafuta vitu chini ya kitanda. Akifurahia hilo, Amboni atafurahia. Akilia, mwahirishie miaka miwili; mapango hayahami.

Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye kukamata. Kila mtoto awe na tochi yake mwenyewe hata kama mwongozaji ana ya kwake. Masika, tangu Machi mpaka Mei, utelezi unazidi. Juni hadi Septemba ndiyo nafuu.

Mji wa Bagamoyo, na habari ya utumwa

Wazazi wengi hunitazama machoni hapa na kuuliza kama si mapema mno. Bagamoyo ndiko ulikoishia msafara kutoka Ujiji, safari ya kilomita 1,200 hivi kwa miguu. Pembe za ndovu zilifika hapa, na watu waliotekwa wakafika hapa, kisha wakavushwa Unguja. Huwezi kumtembeza mtoto Bagamoyo ukaikwepa habari hiyo, na nadhani ni kosa kuikwepa. Vilevile ni kosa kumtupia mtoto wa miaka mitano minyororo na maiti akaota usiku.

Njia ninayoiamini ni kuanzia kwa watoto wenzake. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa kutoka utumwani, wengi wao wakiwa watoto, waliopewa mahali pa kulala, shule na kazi ya mikono. Eneo hilo la misheni bado lipo, na makumbusho yake ndiyo ninayopendekeza mfike kwanza mjini. Mwambie mtoto: zamani watu wabaya waliwaiba watoto kwao na kuwauza; baadhi yao waliletwa hapa wakawa huru. Kwa mtoto wa chekechea inatosha. Wa miaka minane mwongezee kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kwamba utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, wakati ambao babu wa babu yake huenda alikuwa hai. Uso wake utabadilika. Mpe muda, usimkimbize kwenye kitu kingine.

Misheni ina faida nyingine: njia ya miembe ya kuingilia, iliyopandwa tangu mwaka 1871, ni kivuli kizima mtoto anachoweza kutembea bila kofia. Kuna mbuyu wenye kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye gome. Husimuliwa kwamba mama mmoja Mfaransa aliyehudumia wagonjwa pale alikuwa akimfunga punda wake, mti ukanenepa ukaumeza mnyororo. Watoto watakaa hapo kuliko unavyotarajia. Na kuna mnara wa kanisa la kwanza, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa bahari. Kwangu mimi si habari ya Livingstone. Ni habari ya Chuma na Susi na wenzao, Waafrika walioubeba kwa miguu kwa miezi kutoka Chitambo, ambayo leo iko Zambia, mpaka pwani. Majina hayo watoto wetu wayajue.

Katika jengo la Caravanserai, walikopumzika wasafiri wa misafara, kuna jambo ninaloomba msilipite. Watoto wengi hutoka pale wakidhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Sivyo. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliolipwa, wenye sifa ya kazi yao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mwache mtoto anyanyue begi lake la shule, umwambie azidishe mara saba au nane, kisha atembee nalo mpaka Ujiji. Hapo heshima inaingia pale ambapo huruma peke yake ilikuwa imeingia.

Yaliyobaki ya mjini pitieni kwa wepesi. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 ni zuri kulitazama kwa nje. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao mpaka mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Ngome Kongwe ina ngazi na mandhari ya bahari, lakini mshike mtoto huko juu. Kama mnataka kisa cha kuwafanya wawe waangalifu, kipo: Desemba 1889, kwenye karamu ya Wajerumani hapahapa Bagamoyo, Emin Pasha, daktari na msafiri Mjerumani ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alitoka dirishani ghorofani akaanguka na kuumia vibaya. Mahali pa kunyongea, ufukweni, mimi huwapitisha wadogo bila kusimama. Wakubwa nawasimamisha, kwa sababu walionyongwa pale walikuwa wanapinga kutawaliwa.

Mwisho wa yote soko la samaki, ambako mtoto anakula samaki wa kukaanga na kuona jahazi lenye tanga, na kama mna bahati mtasikia ngoma zikipigwa upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa, wanafunzi wakiwa mazoezini.

Mji wa Tanga

Mjini kwenyewe Tanga haina wingi wa Bagamoyo, na mji umetulia, barabara pana, baiskeli nyingi, jambo ambalo mzazi wa watoto watatu hulishukuru. Makumbusho ya Urithi yako kwenye boma la kale la Wajerumani, ni madogo, yanamtosha mtoto kwa saa moja. Karibu kuna mnara wa saa na bustani zinazotazama bandari na kisiwa cha Toten.

Kisa cha kusimulia hapo ni vita vya Novemba 1914. Waingereza walileta askari kama 8,000, wengi kutoka India, dhidi ya kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kisichozidi sana elfu moja. Waliteremka, wakapigana, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakauma pande zote. Waingereza wakarudi melini. Kila mtoto atakumbuka nyuki. Ongeza reli, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, ya kwanza katika koloni lao hili, na mkonge ulioletwa mwaka huohuo, ambao mtauona kwa mistari mirefu mkiwa njiani. Jioni kuna kuoga baharini Raskazone na mkate wa kumimina.

Pangani, ambako Abushiri aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani alinyongwa Desemba 1889, ni safari nzuri kwa vijana. Kwa wadogo imezidi.

Vinavyoharibu safari

Si historia inayowashinda watoto, ni jua. Pande zote mbili ingieni asubuhi, saa tatu mpaka tano na nusu, kisha kivuli na chakula, halafu kitu kimoja chepesi alasiri. Kitu kikubwa kimoja kwa siku. Nimewaona wazazi wakijaribu Kaole, misheni, boma na ngome kwa mkupuo, na kufikia saa nane kila mtu amenuna.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, hasa kwa Tongoni na Amboni ambako hakuna duka mlangoni. Choo tumieni kabla hamjaondoka mjini. Sehemu nyingi za serikali hulipisha kwa kumbukumbu namba kupitia simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio, na ulize bei ya mtoto kwa sababu hutofautiana na ya mkubwa, kama ya Mtanzania inavyotofautiana na ya mgeni kutoka nje. Kanga moja kwa mama inasaidia kila mahali: kujitanda penye msikiti, kumlaza mtoto, kufuta mikono yenye chungwa. Mikoko ina mbu, basi jioni vaeni mikono mirefu na laleni ndani ya neti.

Uamuzi unapogeuka

Nilisema miaka saba ndiyo mpaka. Unasogea kwa sababu tatu. Mkiwa mnaishi Korogwe, Muheza, Lushoto au hata Moshi, hesabu ya njia inapinduka, na Tanga inakuwa ya kwanza hata kwa mtoto wa miaka mitano. Amboni mtagawana kama nilivyoeleza. Ikiwa katika familia kuna bibi au babu anayesafiri nanyi, Bagamoyo inamfaa zaidi, maana Kaole na misheni ni tambarare na pango litambakiza nje. Na ikiwa mtoto ana miaka kumi na ameshafika Bagamoyo na shule yao, usimrudishe huko kwa ajili ya wadogo. Mpeleke Tanga yeye na mzazi mmoja, na wadogo wabaki na mwingine. Kaka au dada mkubwa naye ana haki ya safari ya umri wake.

Wenye wiki nzima wanaweza kuunganisha. Anzeni Bagamoyo, laleni usiku mmoja, kesho yake shikeni barabara ya lami ya Bagamoyo mpaka Msata, mtaingia njia ya Segera bila kurudi nyuma Dar es Salaam. Njia ya pwani ya Saadani msiijaribu na watoto mpaka mmeuliza hali yake wiki hiyohiyo kwa mtu aliyeipita. Fikeni Tanga mapema, watoto waoge, wale, walale. Amboni iwe asubuhi inayofuata, kabla mabasi ya shule hayajafika, na Tongoni ingojee siku ya tatu.